Jumamosi ya Sura ya Tano

11 Februari
Mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika wiki iliyopita, bahasha imelowa pembe moja, maneno yakiwa salama. Marahaba. Mfikishie mama yako shikamoo yangu, umwambie asidhani mgongo unamuuma yeye peke yake. Wangu unamsaidia huku.

Mimi sijambo. Bado ninakaa chumba kilekile juu ya duka la dobi. Mvuke wa pasi unapenya mbao za sakafu, na nguo zangu hazina mkunjo hata mmoja ingawa pasi sijaishika. Mwenye nyumba bado ananiita Mgeni, miaka yote hii, nami nimezoea kuitika. Kile kiwanda cha uchapaji nilikokuwa nikisahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, kimefungwa kabisa, wameweka duka la vioo. Nikipita hapo najiona dirishani, mzee mwenye koti, bado natafuta kosa.

Sasa tuje kwenye maswali yako. Uliniambia ni mazungumzo tu ya mjomba na mpwa, kwamba unakusanya kumbukumbu za malezi ya zamani ili kitabu chako kisiwe takwimu tupu. Maswali kumi na mawili. Nimejibu kumi. Lakini, Profesa, mimi nimekula kwa kusoma maandishi ya watu. Swali la tatu linauliza: ulipokuwa kijana, nani nyumbani alijua unakokwenda? Swali la kumi linauliza: ulipopatwa na jambo zito, ulimwambia nani kwanza? Hilo ni swali moja lililobadilishwa shati. Wewe mwenyewe uliwahi kunieleza kwamba hivyo ndivyo mnavyomnasa mwongo: mnabisha hodi mlango wa mbele, kisha mnazunguka dirishani. Sijui unamtafuta nani kwenye dirisha langu. Hayo mawili nimeyaacha wazi. Andika "hakujibu". Nadhani mna kisanduku cha watu kama mimi.

Na binti yako Chiriku, mjukuu wangu, hajambo? Zamani ukurasa mzima ulikuwa wake. Siku hizi humtaji.

Mjomba wako


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, ila macho ndiyo yanamgomea, kwa hiyo barua zako namsomea kwa sauti baada ya chakula. Panapomfurahisha ananirudisha nyuma. Pale kwenye mgongo alicheka mpaka akakohoa. Nilipofika kwenye maswali mawili uliyoyaacha, aliinuka akaenda kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Idarani tumemaliza kazi ya mahojiano. Tunamkalisha mzazi chumba kimoja na mtoto chumba cha pili, ukuta katikati, maswali yaleyale: Ijumaa jioni mtoto alikuwa wapi, rafiki yake wa karibu ni nani, amewahi kuonja pombe, amewahi kupanda gari la mtu asiyemjua. Kisha tunapima pengo kati ya majibu ya huyu na ya yule. Baba mmoja alitutajia rafiki mkubwa wa mwanawe kwa fahari kabisa. Upande wa pili wa ukuta kijana akasema rafiki huyo walishagombana hata sauti yake ameisahau.

Nilitarajia kukuta kwamba mzazi anayefuatilia sana, mtoto wake huepuka hatari. Sicho nilichokuta. Wazazi wanaojua mambo ya watoto wao si wanaopekua, ni wanaoambiwa. Ukipekua zaidi, pengo linapanuka. Wenzangu wamenipongeza. Mkuu wa idara amesema ni ugunduzi wa kutuliza wazazi. Mimi haujanituliza.

Umeuliza habari za Chiriku. Jina hilo ulimpa wewe alipoanza kusema, kwa sababu nilikulalamikia kwamba hanyamazi. Sasa chiriku amekuwa bubu. "Sawa." "Sijui." "Kawaida." Hayo ndiyo ninayolishwa asubuhi na jioni. Ana miaka kumi na sita. Juzi nikifua sare yake nilikuta mfukoni stempu ya huko kwenu, ile ya korongo aliyesimama kwa mguu mmoja. Nikamuuliza. Akasema anakusanya stempu, hiyo ameibandua kwenye bahasha zako. Mjomba, bahasha zako zote ninazo kwenye droo. Nimezitoa nikazipanga kitandani. Hakuna iliyobanduliwa kitu.

Sisemi neno. Nakueleza tu, kama ulivyonieleza wewe kuhusu maswali yangu.

Naambatisha sura ya tano. Ikazie jicho kama kawaida yako. Mchapishaji anautaka mswada mwezi wa sita, na sitaki mtu mwingine aione kabla yako, kwa sababu wewe huachi kitu.

Mpwa wako


20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua imekuwa nyingi, na mtaa wetu una harufu ya sabuni na koti lililolowa. Mwambie mama yako nimepata miwani mipya na kwamba sasa naona uchafu wa chumba changu, jambo ambalo sikulipia.

Stempu ya korongo ni kitu cha kawaida hapa. Inauzwa hata kwa muuza magazeti. Stempu kazi yake ni kusafiri. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Sura nimeisoma mara mbili. Jedwali la pili haliafikiani na maelezo yaliyo chini yake, na mtu mmoja anaanza akiwa mfanyakazi wa benki, ukurasa wa pili anakuwa mwalimu bila kupandishwa cheo wala kushushwa. Mengine ni makosa ya uchovu. Unalala kweli?

Habari ile ya ukuta na vyumba viwili imenikaa. Nimejiuliza mbona ninyi watafiti hamjakaa kwenye vyumba hivyo wenyewe.

Kuna msichana ukurasa wa kumi na tisa, yule anayeaga kwamba anakwenda maktaba, na mama yake akamfuata mara mbili bila kuonekana, akampotezea kwenye kituo cha basi. Aya hiyo ina uhai kuliko zote na ndiyo inayonitia wasiwasi. Nyingine umeziandika kwa kalamu. Hiyo umeiandika kwa kucha.

Msalimie Chiriku.

Mjomba wako


17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Barua hii simsomei.

Nimekaa na masahihisho yako ofisini, mlango nimefunga. Nimebadilisha jedwali. Nimemrudisha mtu wa benki kwenye benki yake. Nikafika ukurasa wa kumi na tisa.

Niliandika kwamba msichana huyu hutoka nyumbani kila Jumapili mchana. Wewe umekata "Jumapili" kwa mstari ulionyooka na pembeni umeandika "Jumamosi". Chini ya ukurasa niliposema tena Jumapili, umekata tena, umeandika tena. Nikadhani labda mahali fulani nimejipinga mwenyewe, kama kwenye jedwali. Nimeisoma sura yote upya. Hakuna Jumamosi humo, mjomba. Hakuna popote.

Sisi tukiandika habari za mtu tunambadilisha ili asijulikane. Umri tunausogeza, mtaa tunaugeuza, siku tunaihamisha. Niliihamisha siku. Wewe umeirudisha mahali pake.

Msichana huyo ni Chiriku. Siku yake ni Jumamosi. Sikukutega, ningekutega ningejisikia mjanja, na leo sijisikii hivyo. Nauliza mara moja, si mlangoni wala si dirishani: binti yangu anakwenda wapi?

Unajua baba yake alivyofariki. Alitoka asubuhi na pikipiki kumpelekea mwenzake ufunguo wa ofisi, na Chiriku alikuwa na miaka sita. Tangu hapo kitu hicho hakitajwi katika nyumba hii. Watu wanadhani nilichagua kusomea vijana na hatari kwa sababu ya udadisi wa kitaaluma. Nimehoji watoto wa watu wengi ili nipate kujua jinsi ya kumshika mmoja. Nimeshazika, mjomba. Somo lile nimelielewa. Sihitaji kurudia darasa.

Nasubiri.

Mpwa wako


8 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa neno moja.

Nimeutazama mkono wangu kama anavyotazamwa mtumishi aliyevunja sahani ya wageni. Miaka yote kiwandani ulifunzwa jambo moja: ukiona kisicho kweli, kata. Haukuniuliza ruhusa. Sikukumbuka hata kwamba nimefanya hivyo mpaka ulipoandika.

Naam, najua anakokwenda. Ananiandikia, nami namjibu kwa anwani isiyo ya nyumbani kwako. Sitakwambia ni wapi wala kuna nini huko. Nitakwambia hakuna mwanamume katika habari hii, na hakuna pombe wala uvutaji. Hatari ipo. Sikudanganyi. Nimemwekea masharti, ananiapia kwamba anayashika, na ninamwamini kwa sababu kila mara ananilalamikia kuyahusu. Utauliza, akiumia nani atabeba? Mimi. Nimelipima hilo siku nyingi, na halipungui uzito.

Utauliza pia kwa nini mimi. Si kwa hekima. Hekima ungemkuta nayo mtu wa karibu. Ni kwa sababu niko mbali. Simu sina, mkono wa kumpiga sina, miguu ya kumfuata sina, ufunguo wa kumfungia sina. Mimi ni kisima kilichoachwa: mtu hutupa jiwe asikie linavyoanguka, kisha huondoka amepungukiwa mzigo. Wewe mwenyewe umeandika kwamba wanaojua ni wanaoambiwa. Nilidhani utafurahi kwamba walau kuna mtu mmoja wa ukoo anaambiwa.

Sasa zamu yangu. Binti yako anajua kwamba yumo katika sura ya tano? Ulimvua jina, ukamhamisha siku, ukamsimamisha mbele ya wasomaji, na kumuuliza hukumuuliza. Unanishuku kwa kuficha. Mimi nakushuku kwa kufichua. Kosa moja la kalamu limetutoa nje wote wawili, na nje kuna baridi.

Leo nimemwandikia yeye pia. Bahasha iko hapa mezani kando ya yako. Nimemweleza kwamba kalamu yangu imeteleza na sasa unajua kuna kitu. Habari ya kitabu sikuigusa, hiyo ni yako kumwambia. Huenda asiniandikie tena. Ningeweza kunyamaza akaendelea kuniamini. Lakini aliyevujishiwa siri ana haki ya kujua mapema. Mimi najua ilivyo kujua wa mwisho.

Mjomba wako


2 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Umeniambia hatari ipo, kisha umefunga mdomo. Sijui ni mzazi gani angeisoma barua ile akarudi kukata vitunguu.

Nimempokonya simu na nimempa saa ya kurudi. Anatii. Jumamosi iliyopita alikaa chumbani kwake, mlango wazi, mikono magotini, akinitazama nikipita kama mfungwa anavyomtazama askari wa zamu. Nilipita mara nyingi kuliko nilivyokuwa na sababu. Jioni alisema "Sawa", bila mimi kumuuliza kitu.

Najua nilichokiandika juu ya kupekua na pengo. Usinikumbushe. Jana nimehutubia wazazi ukumbini, nimewaambia waketi, wasikilize, wasubiri kuambiwa. Walipiga makofi. Nikarudi nyumbani nikafungua begi lake.

Usiniandikie kwa sasa, wala usimwandikie yeye. Mama anauliza mbona barua zimekatika. Nimemwambia ni posta. Sijui kama ameniamini. Siku hizi katika nyumba hii hakuna anayeuliza mara mbili.

Mpwa wako


3 Septemba
Mwaka wa thelathini na tano tangu niondoke

Mpwa wangu,

Uliniambia nisiandike. Julai nimeweza. Agosti nimeweza, na katikati ya Agosti mwaka mwingine wa kuwa huku ukaniangukia bila mtu wa kumwambia.

Yeye sijamwandikia. Hapo nimekutii. Naye hajaniandikia. Kila asubuhi nashuka ngazi hadi sanduku la barua, na kila asubuhi nakuta bili ya umeme au tangazo la miwani, ambayo ninayo. Dobi ananiona nikipanda mikono mitupu. Zamani alikuwa akiniuliza kama kuna habari njema. Sasa anajifanya anahesabu vifungo.

Nimejishuku mwenyewe kuliko ulivyonishuku. Nimejiuliza kama nilimtunzia siri kwa faida yake au kwa sababu nilikuwa nimeanza kungoja barua zake. Mzee wa peke yake si mtu wa kuaminiwa sana na mambo ya watoto. Hilo liandike kwenye kitabu.

Siombi maelezo. Niandikie neno moja tu: mzima. Hata bila shikamoo.

Mjomba wako


14 Oktoba

Mjomba,

Mzima.

Na shikamoo. Naanza na ulichoomba, mengine yafuate.

Jumapili ya mwisho ya Septemba (ni Jumapili kweli, mjomba, usiikate) mimi na mama tulikuwa mezani tunachambua mchele. Yaani mimi nachambua, yeye anapapasa na kunilaumu. Chiriku akaingia na kitu chekundu, kikubwa, akakiweka katikati ya meza. Mama akanyoosha mkono, akakizungusha, akagonga kwa kucha.

"Hiki chungu cha nani?"

"Si chungu, bibi. Ni helmeti. Yangu."

Siwezi kukueleza kilichonipita kichwani, na nadhani huhitaji. Yeye aliendelea kusimama pale, amejishika mkanda wa suruali, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Alisema barua yako aliipata Juni akakasirika, akaapa hakuandikii tena. Kisha akakaa nayo. Alisema kama habari ilikuwa lazima ifike kwangu, afadhali aifikishe mwenyewe kuliko iendelee kuvuja kwenye kalamu ya babu.

Kwa hiyo nimeambiwa. Nyuma ya vinu vya nafaka kuna uwanja wa mabasi mabovu, na humo kuna gereji ya fundi mmoja mwanamke ambaye watu wote wanamwita Mama Spana. Anafundisha wasichana kuendesha pikipiki, Jumamosi tu, kwa sababu siku nyingine ana kazi. Barua zako zilikuwa zinafika kwa sanduku lake la posta. Masharti yako pia nimeambiwa: helmeti, viatu vya kufunika kifundo, na asitoke nje ya uwanja ule kwenda barabarani mpaka mimi nijue. Hilo la mwisho ndilo lililomchosha. Alisema, "Nimezunguka uwanja ule, mama, mpaka mbwa wa fundi amenichoka. Nikipita hata hainui kichwa."

Mama alicheka. Mimi nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Wewe huulizi, mama. Wewe unahoji."

Nikamuuliza basi kwa nini pikipiki, katika vitu vyote vya dunia. Alisema katika nyumba hii tunataja viatu vya baba, sauti yake, jinsi alivyokata tikiti maji, kila kitu isipokuwa kile alichokipenda. Alitaka kujua kikoje. Mama aliacha kupapasa mchele. Sikuwa na swali lingine. Nadhani ni mara ya kwanza.

Nikaenda kuleta sura ya tano. Nilimwambia, huyu wa ukurasa wa kumi na tisa ni wewe, na sikukuomba. Alisoma amesimama, muda mrefu kuliko urefu wa ukurasa. Akaomba kalamu. Iliyokuwa karibu ilikuwa nyekundu. Jumamosi yako aliiacha. Pale nilipoandika kwamba mama alimfuata mara mbili, alikata "mbili" akaandika "tano". Kisha akakata "bila kuonekana", akanirudishia.

Tano ni kweli. Wewe nilikuambia mbili. Mswada wenyewe niliuambia mbili.

Kitabu kimechelewa, hakijaingia mtamboni, na aya imetoka. Amesema naweza kuiandika upya akifika miaka thelathini, kama bado nitakuwa na nguvu za kufuata watu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda naye uwanjani. Nilisimama kwenye uzio kando ya Mama Spana, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kufungulia chochote, akaniambia nisishike waya, nina wasiwasi mpaka uzio unatikisika. Chiriku alizunguka. Kwenye kona sikuweza kumtazama. Nilimtazama mbwa. Hakuinua kichwa, nikajua salama.

Sikukubali, mjomba. Sijakataa pia. Barabarani bado hajaenda.

Hadi hapa nimemsomea mama. Yanayofuata sijamsomea.

Chumba cha nyuma tumekipaka rangi, kiwe chako. Waliokutafuta wakati ule wamestaafu, wengine wamezikwa. Ukitaja jina lako katika ofisi yao ya zamani, waliopo sasa watakuuliza linaandikwaje. Mama anataka urudi, analisema kila anapopewa chai. Lakini nikimtajia swali la tatu na la kumi anakwenda jikoni. Nilikuwa na miaka kumi na moja ulipoondoka. Nakumbuka watu wawili wenye makoti mlangoni kwetu, asubuhi, kabla babu, baba yenu, hajaamka, na mama akiwaambia jambo kwa sauti ya chini huku amejifunga khanga kama mtu anayeona baridi. Nimekua na picha hiyo bila maelezo chini yake. Nakiri sasa: maswali yale niliyatunga kwa ajili ya familia mia mbili, lakini nilikutumia wewe kwa sababu ya picha hiyo.

Nani alijua ulikokuwa? Rudi uniambie. Au niambie, halafu urudi.

Mpwa wako


22 Novemba
Mwaka wa thelathini na tano

Mpwa wangu,

Marahaba, na asante kwa neno lile moja. Nilisimama nalo kwenye ngazi mpaka dobi akatoka kuniuliza kama nimeanguka.

Chiriku ameniandikia pia. Kurasa sita, maneno hayana breki. Anasema amenisamehe kwa sharti kwamba nisisahihishe tena kitu kinachomhusu bila idhini yake. Nimekubali kwa maandishi. Anasema kona ya kushoto ndiyo inayomshinda.

Umeniuliza waziwazi, nami nitajibu waziwazi. Katika ujana wangu niliandika makala ambayo wakubwa hawakuipenda. Nilijificha stoo ya karatasi ya kiwanda cha uchapaji cha huko nyumbani, nikilala juu ya marobota. Mtu mmoja tu alijua, kwa kuwa ndiye aliyeniletea chakula. Wale wa makoti walipomjia, walimwahidi kwamba nitaulizwa maswali machache na kurudishwa nyumbani. Alikuwa amechoka kunifikiria humo stoo, nikikohoa vumbi. Aliona heri nipatikane kuliko nipotee. Hakuwaambia kwa chuki, wala kwa zawadi. Aliwaambia kama wewe ulivyofungua begi la binti yako. Mimi nilitokea dirisha la nyuma waliposukuma mlango wa mbele, na nilijua ni nani kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuwa. Mtu huyo unachambua naye mchele.

Aya hiyo msomee. Isome polepole. Akiinuka kwenda jikoni mwache aende, na akirudi uendelee hapa: mwambie sina kinyongo. Kiliisha zamani, kama wino unavyoisha, bila mtu kuiona siku yenyewe.

Sasa habari ya chumba. Rangi umesema ni ipi? Hukusema, nami nimejikuta nikiichagua: ya maziwa, na dirisha linaloangalia kamba ya nguo. Nimekaa humo wiki nzima, mpwa wangu, bila kutoka hapa. Lakini nikifika kweli, siku ya kwanza ataniomba msamaha, nami nitampa, kwa sababu wewe na Chiriku mtakuwa mnatutazama, na wote wawili tutakuwa tumejibu kama ilivyotarajiwa. Wewe unajua thamani ya jibu la namna hiyo. Huliweki kwenye hesabu. Kwa barua anaweza kuinuka, akazima jiko lisilowaka, akarudi, nami nikaendelea kumtumia shikamoo. Wewe unapima pengo ili lizibwe. Letu mimi na mama yako tumelikalia, kila mmoja ukingo wake, na ndivyo tulivyodumu kuwa ndugu.

Chumba mpe Chiriku. Aweke humo helmeti yake na spana atakazoazima na kusahau kurudisha. Kuhusu kona ya kushoto mwambie asitazame gurudumu, atazame anakotaka kwenda; nimeisoma mahali, pikipiki sijawahi kupanda. Nawe, siku atakayotoka kwenye geti la uwanja kwenda barabarani, simama pale na usimfuate. Mbwa atakuonyesha jinsi ya kungoja.

Niandikieni. Kila neno litakalofika nitalisoma kama lilivyo.

Ni mimi mjomba wako, na sitarudi.